Wala Kiapo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, muhula umeanza, na paa la darasa la sanaa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Mkuu wa shule kaniambia nishukuru, darasa la hesabu halina hata ndoo. Nikamshukuru kwa sauti iliyomfanya aondoke haraka.

Habari nyingine: Brashi kapata kazi. Mdogo wangu, mchora vibao vya saluni na maduka ya dawa, kaitwa na baraza la mji achore picha kubwa ya ukumbi mpya. Mada wamempa wenyewe: "Uongozi na Maadili". Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. "Cheka tu, dada," kaniambia. "Nitawachorea maadili mpaka wayatapike."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Jumanne, 12 Machi

Fundi Cheche kaja jioni na bati la picha, refu kuliko mlango wetu, ikabidi tulipitishe uani. Brashi hachori kwenye kitambaa, hajakizoea. Yeye ni bati, na mabati yake yote huyakata na kuyaunga huyu rafiki yake anayechomelea vyuma kule barabarani. Cheche kala, kanywa chai, kanisimulia jinsi mkewe anavyokagua mifuko yake kila jioni kutafuta ushahidi, na kila jioni hupata misumari tu. Anachekesha yule mtu. Akishika kikombe huwa namtazama kidole gumba cha kulia: chuma cha moto kiliupasua ukucha wake katikati zamani, ukaota vipande viwili kama kwato ya mbuzi. Akaniona natazama. "Dada mwalimu, hiki ndicho kitambulisho changu. Nikipotea, ulizeni kwato."

Ijumaa, 15 Machi

Wamemuua Cheche.

Naandika nikiwa na matope mpaka magotini, sijaoga, sitaki kuoga. Nilikuwa natoka shule na mwavuli wangu uliovunjika. Malori mawili ya baraza yalikuwa yamesimama pale kwenye karakana ya Cheche, askari wa baraza wanabeba vitu vya watu: benchi, mageti, baiskeli. Agizo la Mwenyekiti wa baraza: barabara isafishwe kabla ukumbi haujafunguliwa. Wengine walikuwa wanalia na kubembeleza. Cheche hakubembeleza. Alikaa juu ya mashine yake ya kuchomelea, akaikumbatia, akasema, "Hii mtaipakia na mimi juu yake."

Basi wakaanza. Walikuwa na mabomba ya chuma, yaleyale ya pale karakana, aliyoyakata yeye. La kwanza lilimpata bega, akacheka, naapa alicheka, akasema, "Punguzeni, jamani, nina mke." La pili lilimpata mdomoni. Halafu sikuweza tena kuhesabu. Nilimpiga askari mmoja mgongoni kwa mwavuli, akanisukuma mtaroni kama anasogeza kiti. Nikiwa mtaroni nilisikia sauti ya bomba juu ya kichwa cha mtu. Haifanani na kitu kingine chochote, na sitaki kuifananisha. Nilipotoka, mashine ilikuwa imeshapakiwa na Cheche alikuwa chini, mvua inamnyeshea machoni naye hafumbi.

Saa moja ya usiku redio ya mji ilitangaza: fundi mmoja kapigwa na umeme wa mashine yake mwenyewe, na wananchi wajihadhari na umeme wakati wa mvua.

Jumapili, 17 Machi

Tumemzika. Mwenyekiti wa baraza la mji kaja na gari tatu na uso wa msiba. Watu walikuwa wananung'unika, wakaanza kusogea, mmoja ameshaokota jiwe. Mwenyekiti akasimama kando ya kaburi, akainua mkono wa kulia juu kabisa, saa ikang'aa. "Naapa mbele yenu na mbele ya Mungu, mkono wangu haumo katika kifo hiki." Jiwe likaanguka. Watu wakainamisha vichwa. Unaona mambo? Mtu akishakula kiapo, sisi tunaona haya kwa niaba yake.

Mke wa Cheche alikuwa anamtazama ule mkono, siyo uso. Brashi naye hivyohivyo. Nilimjua mdogo wangu pale pale kwamba ameshaanza kuchora.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Brashi hali, hanyoi ndevu, haniruhusu kufika uani.

Jumamosi, 30 Machi

Leo kaniita. Kaondoa turubai.

Meza ndefu. Nyuma yake wamekaa wakubwa watano: joho la hakimu, magwanda ya nyota, koti la daktari, vazi jeupe la mtu wa dini, na katikati suti yenye mkufu wa baraza. Hawana macho. Mahali pa kila jicho pana mdomo mdogo wenye meno. Wote wameinua mkono wa kulia kama wanaapa, na kwa mkono wa kushoto wanakula, mashavu yamejaa. Miguu ya meza si mbao, ni miguu ya watu, pekupeku, mishipa imetutumka. Juu yao inaning'inia mizani, imetundikwa kwenye kulabu ya bucha, inachuruzika. Sahani zote tupu, isipokuwa ya katikati. Juu yake umesimama mkono uliokatwa, vidole vimenyooka juu, kana kwamba nao unaapa. Kidole gumba kina ukucha uliopasuka vipande viwili.

Chini kaandika: WALA KIAPO.

Nilikaa juu ya ndoo. Nafundisha sanaa miaka yote hii, nawaambia wanafunzi tafuta alama, uliza kila kitu kimewekwa pale kwa nini. Sikuhitaji kuuliza kitu.

"Wanakula nini?" nikauliza hata hivyo.

"Kiapo, dada. Lugha si yako wewe mwalimu? Tunakula rushwa, tunakula njama, tunakula kiapo. Na kitu kikishaliwa kinabaki?"

"Watakuua."

"Watasoma 'wala kiapo' kama wanaoapa. Watafurahi. Mwenye akili atasoma hivi: hawana haya, wala utu, wala kiapo."

"Na huo ukucha? Huo nao wasome vipi?"

Nikamwambia aufute. Akasema ng'o. Nikachukua brashi niufute mwenyewe, akanishika mkono, nikamzaba kofi, akanisukuma nikagonga ukuta, na tukasimama pale tunahema, watu wazima wawili, rangi nyekundu mpaka kwenye nywele. Mama angekuwa hai angetucharaza wote.

Sikuufuta.

Ijumaa, 5 Aprili

Wamekuja kuichukua. Katibu wa baraza akaitazama kwa muda mrefu, akakuna kidevu, akasema, "Rangi zimekaa vizuri. Wala kiapo! Safi. Ndiyo viongozi tunaowataka." Brashi akaenda chooni kucheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua imepumzika. Mji mzima unaingia ukumbini kuchungulia picha, ingawa haujafunguliwa rasmi. Sokoni nimesikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Mwenyekiti kachorwa anakula mtu." Si kiapo, mtu! Sasa habari ni hiyo: Mwenyekiti ni mla watu, ana chumba chini ya nyumba, mchoraji kakiona. Nimejaribu kuwaeleza ni mfano tu, wakaniangalia kwa huruma, kama mtu asiyejua mambo ya mjini.

Jumatano, 10 Aprili

Wamemchukua Brashi.

Walivunja mlango wakati tunakunywa chai, mlango ambao haukuwa umefungwa. Wanne. Mmoja alimmwagia chai ya moto kifuani, mwingine akamkalia. Nilimng'oa mmoja sikio, au nilijaribu, akanipiga kiwiko, na jino langu la mbele sasa linacheza. Walimburuta kwa miguu, kichwa kikagonga kila ngazi. Alikuwa ananiita. Si "dada". Alikuwa ananiita jina la utotoni, alilokuwa akiniitia kabla hajajua kusema vizuri.

Kituoni ofisa kaniambia, "Tutamwuliza tu maana ya picha." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa sanaa, niulizeni mimi. Akasema, "Zamu yako itafika, mwalimu."

Ijumaa, 12 Aprili

Zamu yangu imefika. Mwenyekiti kaniita ofisini. Sikutegemea nimkute mtu mwenye hofu, lakini nimemkuta. Hajali kuitwa mwuaji, ameshazoea. Kinachomtesa ni mla watu. Mke wake anaulizwa sokoni ana nyama gani kwenye kikapu. Wajukuu wake wanakimbiwa shuleni.

"Mwalimu," kasema, "mimi si mtu wa kuichoma picha. Nikiichoma watasema kweli. Nataka iliyosomwa vibaya isomwe vizuri. Siku ya ufunguzi utapanda jukwaani, utawafasiria wananchi. Wewe ni mwalimu wao, watakuamini."

"Na mdogo wangu?"

Akasimama, akainua mkono wa kulia, saa ikang'aa. "Naapa. Mkono wangu hautamgusa. Ukishuka jukwaani, anarudi nyumbani."

Nikasema sawa. Nikamshukuru hata, Mungu nisamehe, nikamshukuru.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimefundisha. Sikumbuki nini. Mwanafunzi kaniuliza kuhusu ile picha nikamfokea akalia.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua usiku na mchana. Ndoo tatu. Najifunza uongo wangu mbele ya kioo.

Jumamosi, 20 Aprili

Ukumbi ulifurika. Nilivaa gauni la kahawia, nikajikaza kisabuni, nikapanda.

Nikafasiri. Midomo mahali pa macho: kiongozi bora anachokiona hukisema. Miguu chini ya meza: wananchi ndio nguzo. Mizani: haki iko juu ya kila mtu, na kinachochuruzika ni jasho la kazi. Mkono katikati: mwananchi naye anaapa pamoja na viongozi wake, ndiyo maana umewekwa mahali pa heshima. Nilisikia watu wakisema "Aaa!" kwa kuridhika. Sauti yangu ilikuwa tamu, hata mimi nilikaribia kuiamini. Mwenyekiti nikamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio, naye akapiga makofi wa kwanza.

Kisha mke wa Cheche akasimama, katikati ya watu, na kitambaa cheusi kichwani.

"Mwalimu. Huo ukucha ni wa nani?"

Mwenyekiti akanigeukia akiwa bado anatabasamu.

"Ni wa mwananchi yeyote, mama," nikasema.

"Ulikaa naye mezani. Huujui?"

"Siujui."

Hakulia. Alikunja kanga yake vizuri, akapita katikati ya viti, akatoka. Watu wakampisha. Mimi nikapewa maua.

Brashi walimshusha getini kwetu wakati wa magharibi, gari halikuzima hata injini. Nilimkimbilia nikamkumbatia, akapiga yowe. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kigumu cha damu iliyokauka. Nilipokifungua niliona vidole vinatazama kila upande. Kidole cha kati hakina ncha.

"Mlango wa seli," akasema. "Wa chuma. Mara ya kwanza walisema bahati mbaya. Halafu wakaufungua tena."

"Lini?" nikamwuliza. "Lini, Brashi? Leo?"

"Siku ileile waliyonichukua."

Jumatano. Na Ijumaa yule mtu kainua mkono mbele yangu kaapa mkono wake hautamgusa, na mimi nikamshukuru. Nilikuwa na picha nzima kichwani, kila jino, kila tone, nikashindwa kuisoma yeye aliposimama mbele yangu kama alivyochorwa. Maua nimeyatia chooni.

Jumatatu, 22 Aprili

Daktari kasema mkono hautachora tena.

Ijumaa, 26 Aprili

Wageni wa wizara wamekuja ukumbini. Gari limenifuata darasani: "Mwalimu, njoo ufasiri." Nikamwambia dereva aende kuzimu. Katibu akanipigia simu kwa upole sana: "Faili la mdogo wako bado liko wazi." Nikaenda. Nikafasiri. Midomo, miguu, mizani, mkono. Makofi.

Jumanne, 30 Aprili

Tena. Safari hii wanafunzi wa chuo. Mmoja aliandika kila neno.

Alhamisi, 2 Mei

Tena. Brashi haongei nami. Anakula kwa mkono wa kushoto, polepole, akinitazama. Leo nimempikia anachokipenda, akasukuma sahani. "Kawafasirie wao," kaniambia.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda kwa mke wa Cheche. Hakunifungulia. Nilisimama mvuani nikamwambia mlango kila kitu: walichomfanya mdogo wangu, walichoniahidi. Baada ya muda nikasikia sauti yake, karibu kabisa, mdomo umegusa mbao. "Mimi sikuuliza kwa nini, mwalimu. Niliuliza ukucha wa nani."

Alhamisi, 9 Mei

Ninaandika kutoka mahabusu, kwa kipande cha kalamu nilichokiomba kwa mlinzi. Mdomo umevimba, jino lililokuwa linacheza limekwenda zake.

Ilikuwa siku ya mkutano wa wananchi. Ukumbi umejaa, wageni kutoka mikoani, Mwenyekiti mbele, mimi na fimbo yangu ya kuonyeshea. "Mwalimu wetu atatufasiria," akasema. Mke wa Cheche alikuwa mstari wa nyuma; nilikuwa nimemtumia neno aje.

Nikaanza. "Midomo hii mahali pa macho: hawa watu wanachokiona wanakila." Katibu akakohoa. "Miguu chini ya meza: ni yenu nyinyi, tazameni, hamna viatu. Mizani ni ya bucha, na inachuruzika damu. Na mkono huu..." Sauti ilianza kunitoka bila breki, nikajisikia napiga kelele. "Mkono huu ni wa Fundi Cheche! Mnaujua ukucha huu, umewachomelea mageti yenu! Aliuawa kwa mabomba mbele ya macho yangu, tarehe kumi na tano Machi, na huyu hapa akaapa juu ya kaburi lake! Mara zote nilizosimama hapa nimesema uongo!"

Ukumbi ukalipuka. Viti vikaanza kuruka. Askari mmoja alinifikia akanipiga mdomoni kwa rungu, nikaanguka kwenye ukingo wa jukwaa. Kule nyuma watu walikuwa wanapasua madirisha, mgeni mmoja katambaa chini ya meza. Mwenyekiti hakukimbia. Ana moyo, hilo nampa. Akaja mpaka mbele, akasimama karibu yangu kabisa, akainua mkono wa kulia juu, saa ikang'aa, akapaza sauti.

"Ndugu wananchi! Naapa mbele yenu, mkono wangu..."

Na watu, jamani, wakaanza kunyamaza. Niliwaona. Mikono yenye mawe inashuka, vichwa vinainama, kama siku ya mazishi.

Nikaruka. Nilimshika kile kiganja kwa mikono miwili, nikakishusha, nikakitia mdomoni, nikakaza taya. Nilisikia ngozi ikipasuka, nilisikia mfupa. Alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia mtu mzima akipiga. Walinipiga mgongoni, kichwani, mbavuni, sikuachia. Nilikuwa nafikiria vidole vya Brashi, mlango unafunguliwa mara ya pili. Nilipoachia, kilibaki kitu mdomoni mwangu nikakitema juu ya zulia jipya.

Hakuna aliyeinama tena. Wakapanda jukwaani wote, na katika vurugu hiyo askari wakaniburuta nje mpaka huku.

Ijumaa, 10 Mei

Baraza limechoma picha uani kwa ukumbi. Mlinzi kanisimulia anacheka: walimwaga mafuta ya taa, rangi ikaungua, lakini bati ni bati, liko palepale, jeusi. Watu wanakwenda kulitazama zaidi kuliko mwanzo. Wanajua kila kitu kilipokuwa.

Jumatatu, 13 Mei

Nimedhaminiwa. Aliyenidhamini ni mke wa Cheche. Getini kaniambia, "Ulimwuma kweli?" Nikasema kweli. Akashika ukuta, akacheka hadi akachuchumaa, kisha kilio kikamtoka, cha kwanza tangu mazishi, nikachuchumaa naye.

Brashi alikuwa mlangoni. Kaniita dada.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekwisha. Vumbi limeanza. Kesi yangu imesikilizwa leo: kumdhuru kiongozi wa umma. Mwenyekiti kaja na bandeji, kaketi mbele. Brashi na mke wa Cheche wamekaa pamoja nyuma. Nje ya madirisha watu hawana pa kukanyaga.

Wakili aliniambia niwe mpole, nijibu ninachoulizwa, nisiongeze. Miaka mitano inaningojea mdomo wangu ukiteleza. Nikaahidi. Nikapanda kizimbani nijitetee, na karani, kijana mwenye tai ndefu, akasimama na karatasi yake.

"Mshtakiwa, inua mkono wa kulia, ule kiapo."

Nilimtazama Mwenyekiti na bandeji yake.

"Asante, karani," nikasema. "Nimeshakula."

Mahakama ilivunjika kwa kicheko mpaka nje barabarani. Hakimu akagonga meza, akagonga, akanitishia kunirudisha ndani. Wakili wangu alijifunika uso kwa faili. Lakini nyuma kule wawili hawakucheka, walikuwa wananingojea, na nilijua wananingojea nini. Basi nikaomba radhi, nikainua mkono, nikaapa kama watu wote. Karani akaniuliza nina la kusema. Nikasema ninalo, aandike polepole asiruke neno, na nikaanza na ukucha wa Fundi Cheche.